Siku moja kando ya mto Wharfe: mwongozo kamili wa matembezi ukiwa likizoni na kampavani

Mama mkwe alipofika kutoka Tanga na kuelezwa kwamba likizo ya wajukuu wake itakuwa ya kulala garini, aliuliza swali moja tu: "Nyumba mnayo, sasa mnalala ndani ya gari kama utingo kwa nini?" Nilikosa jibu. Alilipata mwenyewe siku ya pili alfajiri, alipousukuma mlango wa kampavani na kukuta ukungu umelilalia bonde zima, na kondoo wanakula majani hatua kumi kutoka kwenye mto aliolalia. Mto wa maji ulikuwa mbele kidogo, ukisikika tu.

Kampavani, kwa asiyeijua, ni vani iliyotiwa vitanda, jiko la gesi, friji ndogo na tangi la maji. Ni raha mkiwa mmetulia. Mkitaka kutembea kwa miguu inageuka mzigo, kwa sababu popote mwendako lazima mrudi pale pale mlipoiacha, miguu ikiwa imechoka na pengine mvua inanyesha. Ndiyo maana kwangu mimi safari ya namna hii hupangwa kinyumenyume: kwanza unajua utarudije garini, halafu ndipo unachagua pa kwenda. Yote yaliyomo humu yanafuata hapo.

Mahali penyewe ni bonde la Wharfe, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Mto huu huanzia vilima vya Langstrothdale, hupita ndani ya hifadhi ya taifa ya Yorkshire Dales, na mwisho hujimwaga katika mto Ouse karibu na Cawood. Ukisikia "hifadhi ya taifa" usiwaze Mikumi. Hakuna lango wala kiingilio, wala mnyama wa kukutisha. Kuna vijiji, mashamba, kuta za mawe na ng'ombe wa watu. Kipande chetu ni kati ya kijiji cha Bolton Abbey na daraja la Barden, kupanda upande mmoja wa mto na kurudi upande wa pili. Mzunguko wote ni kama kilomita 11.

Gari litalala wapi, litashinda wapi

Kosa la wengi ni kulipia usiku mmoja kwenye kiwanja cha kambi. Viwanja vingi hupokea wageni kuanzia mchana na huwataka waondoke kesho yake kabla au karibu na adhuhuri, kwa hiyo siku yako ya kutembea inakatwa vipande viwili: asubuhi unafungasha, jioni unatafuta pa kulala. Lipia siku mbili za kulala, na ile siku ya katikati iwe ya mto. Gari usiliwashe kabisa siku hiyo. Tafuta kiwanja ambacho ukitoka langoni unafika mtoni kwa miguu. Kuanzia Bolton Abbey kupanda hadi Barden, Appletreewick na Grassington vipo vya kila namna, vingine ni shamba la mkulima lenye bomba la maji na choo tu. Wakati wa likizo za shule weka nafasi wiki kadhaa mapema.

Ukikosa kiwanja cha karibu, itabidi uegeshe kwenye maegesho ya kulipia ya Bolton Abbey. Ardhi hii ni ya ukoo wa Duke wa Devonshire, na ada ya maegesho hutozwa kwa gari, si kwa kichwa, jambo linalowafaa sana wenye familia kubwa. Kuna maegesho ya kijijini, ya kando ya mto karibu na mkahawa wa Cavendish Pavilion, na ya Strid Wood. Jumapili yenye jua fika kabla ya saa nne asubuhi. (Saa zote humu ni za Kiswahili.) Usiku usilale hapo. Watu husoma mitandaoni kwamba "hakuna anayesema kitu", kisha wanagongewa dirisha saa tano usiku.

Kuhusu barabara. Waliojifunza udereva Kenya, Tanzania au Uganda hawana taabu ya upande, ni kushoto vilevile. Waliotoka Kongo, Rwanda au Burundi wajipe siku nzima ya mazoezi kwanza. Mgeni anaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya kwao kwa miezi 12, gari lisilozidi kilo 3,500, ila kampuni za kukodisha huwa na masharti yao ya umri na ya miaka ya leseni. Kumbuka pia uzito wa maji: lita 100 ni kilo 100. Mimi husafiri na tangi nusu na kulijaza kiwanjani.

Kisha urefu wa kwenda juu. Kwenye barabara ya B6160, kati ya kijiji cha Bolton Abbey na mkahawa, kuna tao la mawe linalovuka barabara, jembamba na si refu. Vani yenye paa la kuinuka hupita bila wasiwasi. Vani ya paa refu yenye baiskeli juu yake ni habari nyingine. Vibao vingi vya Uingereza hutaja urefu kwa futi na inchi, na futi moja ni sentimita 30 na nusu hivi. Piga hesabu ukiwa nyumbani, andika kwenye karatasi, ibandike mbele ya usukani. Ukiwa na shaka, egesha maegesho ya kijijini. Ukitokea barabara kuu ya A59 unayafikia kabla ya tao.

Siku gani

Msimu hubadilisha kila kitu. Mwishoni mwa Aprili na mwezi wa Mei sakafu ya msitu hugeuka buluu kwa maua. Oktoba majani ya mialoni na miti mingine hugeuka rangi ya shaba. Juni jua huzama saa tatu na dakika arobaini usiku, kwa hiyo hakuna haraka. Desemba linazama kabla ya saa kumi alasiri, na ukianza safari saa sita mchana umejitafutia giza msituni.

Kuliko utabiri wa mvua ya leo, mimi naangalia zaidi mvua ya jana na juzi huko juu vilimani. Wharfe hujaa upesi. Kunaweza kuwa na jua Bolton Abbey huku maji ya kahawia yakishuka kutoka mlimani. Jioni ya kuamkia safari fungua huduma ya serikali ya kuangalia mafuriko, ile ya Environment Agency, inayoonyesha kina cha mito kwa grafu. Mstari ukiwa unapanda, badilisha siku. Ndiyo faida ya kulipia siku mbili.

Usiku wa kuamkia

Pakia mfuko usiku, kwa sababu ndani ya kampavani asubuhi hakuna nafasi ya watu wanne kutafuta soksi kwa wakati mmoja. Kila mtu awe na koti la mvua hata kama mbingu ni safi, viatu vyenye meno chini, na soksi za akiba. Jinzi acha, ikilowa haikauki na inakuwa nzito kama gunia. Chukua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey ya kipimo cha 1:25,000, yenye vijia vya umma vilivyochorwa kwa vistari vya kijani, na pakua ramani kwenye simu kabla hujaondoka, maana mtandao ndani ya msitu hukatika.

Chakula kwetu ni pilau ndani ya chupa ya moto yenye mdomo mpana. Chupa ijaze maji yanayochemka kwa dakika kumi, yamwage, ndipo utie pilau. Saa sita baadaye bado inatoa moshi. Chapati zikunjwe kwenye taulo. Chai ya tangawizi chupa yake mbali. Maji ya kunywa beba ya kutosha na usiyategemee ya mto hata yakionekana kama kioo: kipande cha Wharfe kilichoko Ilkley, kilomita chache kushuka, mwaka 2020 kilikuwa cha kwanza cha mto nchini Uingereza kutangazwa rasmi kuwa pa kuogelea, na vipimo vya mwaka uliofuata vikatoa jibu kwamba maji ni mabaya. Maji taka na mbolea ya mashamba havionekani kwa macho.

Kulifunga gari

Hili ni la dakika tano. Funga valvu ya mtungi wa gesi. Teremsha paa na uhakikishe vidirisha vya juu vimefungwa. Mimi niliwahi kukiacha kimoja wazi kwa uzembe wangu, tukarudi kukuta godoro la watoto limeshiba maji, tukalala wote wanne kitanda kimoja kama dagaa. Vitu vya thamani visionekane dirishani. Ufunguo ukae kwenye mfuko wenye zipu na wa akiba kwa mtu mwingine. Piga picha ya mahali gari lilipo. Kama umeegesha kwenye nyasi, litazame upande wa kutokea na usiliache kwenye mteremko wa tope, maana ukirudi magurudumu yatazunguka pale pale.

Njia yenyewe

Anzia kijijini. Vuka barabara, pita tundu kwenye ukuta wa mawe, na ghafla bonde zima liko chini yako: mto umejipinda, na kando yake magofu ya Bolton Priory. Jina la kijiji linapotosha. Hii haikuwa abasia (ndiyo "abbey", nyumba kubwa ya watawa) bali "priory", nyumba ndogo zaidi ya watawa, wa shirika la Augustino, iliyoanzishwa hapa mwaka 1154 na kufungwa mwaka 1539 mfalme Henry wa Nane alipokuwa akizinyang'anya nyumba za watawa. Nusu ya kanisa haina paa. Katika nusu nyingine wanakijiji wanasali hadi leo. Mnara wa magharibi ulioanzwa mwaka 1520 haujamalizika mpaka sasa, na mtu aliyewahi kujenga nyumba Tanga kwa fedha za kutuma kidogo kidogo atauelewa kuliko mtalii yeyote.

Chini ya magofu kuna njia mbili za kuvukia: daraja la miguu, na safu ya mawe zaidi ya 50 yaliyopangwa mtoni. Watoto watataka mawe. Ruhusu kama maji yako chini kabisa ya vichwa vya mawe na hakuna msururu wa watu wanaotoka upande wa pili; kukutana katikati ndiko kunakowaangusha wengi. Jiwe likiwa limelowa au maji yanalipita juu, pita darajani. Mimi nilishalowa mpaka kiunoni hapo, mbele ya mama mkwe, na hadithi hiyo imeshafika Tanga.

Ukishavuka uko upande wa mashariki. Geuka kushoto, upande yanakotoka maji. Kijia kinapanda juu ya mto kupitia miti, kisha kinashuka kwenye daraja la mbao lililo mbele ya Cavendish Pavilion. Usivuke bado, ila kwa choo. Endelea upande huo huo wa mashariki. Kulia kwako kuna bonde dogo lenye maporomoko, linaloitwa Bonde la Ukiwa (Valley of Desolation) tangu dhoruba ya mwaka 1826 ilipolivuruga. Ni nyongeza nzuri kwa wenye miguu mizima, lakini ukiwa na wazee au watoto liache.

Kipande kinachofuata ndicho ninachokipenda. Kijia kinapita juu, mto uko chini sana kushoto, na kuna mahali pa kukaa ukautazama kwa juu, bila hatari yoyote, Strid, pale mto unapobanwa na mwamba. Mkae hapo. Waonyeshe watoto jinsi mto mpana unavyoingia ghafla kwenye mwanya mwembamba na kutoka upande wa pili ukiwa na povu. Wakishaona kwa juu, huko chini maelezo yatakuwa mafupi.

Baadaye mtapita karibu na daraja lenye vinara kama ngome. Si ngome, ni mfereji unaobeba maji ya mabwawa ya Nidderdale kwenda Bradford. Muda mfupi mbele yake ndilo daraja la Barden, la matao matatu. Jiwe lake limeandikwa kwamba lilikarabatiwa mwaka 1676. Mafuriko yalikuwa yameharibu madaraja mengi ya bonde hili miaka mitatu kabla. Mkila chakula kwenye nyasi za hapa, mto unapita polepole na kina ni kidogo. Ng'ambo ya daraja, panda dakika chache juu ya barabara uone mnara wa Barden, magofu ya jumba la ukoo wa Clifford ambalo Lady Anne Clifford alilikarabati katika miaka ya 1650 akiwa bibi mzima.

Sisi huswali hapo hapo mtoni. Wakati wa kiangazi adhuhuri huingia kama saa saba na dakika kumi mchana, na kufika hapo kwa muda huo si taabu mkianza saa nne. Chupa ya maji ya udhu iwe tofauti na ya kunywa. Mkeka mwepesi wa plastiki unafaa kwa swala na kwa pilau.

Vuka daraja, shika upande wa magharibi, anza kurudi na maji. Kwanza mtapita malisho. Kila lango mlilolikuta limefungwa lifungeni. Mlilolikuta wazi liacheni wazi. Ng'ombe mwenye ndama mzungukieni mbali hata ikibidi kutoka kwenye kijia, na kama mna mbwa asilegezwe kamba. Majani marefu ya kijani yenye vinywele kando ya njia huwasha kama upupu, waambie watoto mapema.

Strid

Mtaingia msituni, na sauti itabadilika kabla ya kuona chochote. Hapa mto uliokuwa na upana wa mita nyingi unabanwa na mwamba hadi mwanya wa takriban mita mbili. Mtu mzima akiutazama anawaza, "naruka". Usithubutu, na wala usisogee ukingoni kupiga picha. Maji hayakupungua, yamegeuzwa ubavu. Upana uliopotea juu umekuwa kina, na mwamba umeliwa kwa ndani pande zote mbili, kwa hiyo pale unaposimama chini yake kuna pango la maji yanayozunguka. Aliyetumbukia hasukumwi mbele akatokea, huvutwa chini ya mwamba. Juu ya mawe kuna kuvu na kigoga kinachoteleza hata siku ya jua. Watu wamekufa hapa tangu enzi za kale mpaka zama zetu.

Kanuni zetu ni hizi: mtoto mmoja mkono mmoja wa mtu mzima, tangu kwenye kibao cha onyo hadi mmeupita Strid, mwisho ni umbali wa hatua tano kutoka ukingoni, simu haitolewi na aliyeshika mtoto. Mtu akianguka, usimfuate. Piga 999, waombe polisi kisha uokoaji wa milimani, na utaje jina la mahali. Kikosi cha kujitolea cha bonde hili, Upper Wharfedale Fell Rescue Association, kinaitwa kwa njia hiyo hiyo, iwe ni mto au ni mguu uliovunjika.

Wenyeji wana hadithi ya kijana wa Egremont aliyeruka na mbwa wake wa kuwinda. Mbwa akasita, kamba ikamvuta nyuma, kijana akazama, na mama yake Alice de Romilly akatoa ardhi kwa watawa kwa majonzi. Wanahistoria hawaikubali, kwa kuwa kijana huyo anatajwa akiwa hai katika hati ile ile ya kutoa ardhi. Mama mkwe hakujali hati. Alisema tu kwamba kila mto una wake, akawashika wajukuu mikono yote miwili.

Baada ya hapo njia ni pana na rahisi hadi Pavilion. Mruhusuni kila mtu aiskrimu, kisha fuateni ukingo hadi Priory na kijijini. Pamoja na mapumziko yote, sisi hutumia saa tano. Watu wazima peke yao hutumia saa tatu na nusu hadi nne.

Ukitaka kwenda mbali zaidi

Njia ndefu ya Dales Way, itokayo Ilkley hadi Bowness kwenye ziwa Windermere, hupitia bonde hili, na kipande cha Bolton Abbey hadi kijiji cha Burnsall ni kama kilomita 11 kwenda tu. Hapo basi linahitajika, na mabasi kati ya Ilkley na Grassington ni machache kwa siku. Panda basi asubuhi hadi Burnsall, halafu tembea kurudi garini. Ukifanya kinyume chake utakuwa unakimbia kando ya mto mzuri ukitazama saa, na basi la mwisho halimngoji mtu aliyesimama kupiga picha ya bata.

Jioni garini

Viatu vivuliwe nje. Kagua miguu ya watoto, nyuma ya magoti na kiunoni, kutafuta kupe. Ukimwona mng'oe kwa kibanio chembamba kilichoshika karibu kabisa na ngozi, bila kumminya, na mtu akipata wekundu unaotanuka kwenye ngozi siku au wiki zinazofuata amwone daktari, kwa sababu kupe wa Uingereza wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme. Nguo mbichi zitundike nje chini ya turubai, si ndani, ama sivyo mtaamka kioo kinatiririka. Jiko la gesi lisitumike kupashia gari joto wala kukaushia soksi hata kwa dakika mbili. Moshi wake usio na harufu, gesi ya kaboni monoksidi, huua watu waliolala, na king'ora cha kugundua gesi hiyo kiwe na betri nzima.

Viatu vipindue chini ya gari, nyayo juu. Asubuhi vikung'ute kabla ya kuvaa. Konokono wasio na nyumba wa Yorkshire hupenda sana kiatu chenye unyevu, na mama mkwe aliyekanyaga mmoja kwa soksi alizungumza Kidigo mpaka chai ilipoiva.